Kupeleka mahitaji nyumbani: Nani analipia mfuko?

MFUKO wa Rambo ulikuwa na sifa moja ambayo wafanyabiashara wengi hawakuiandika kwenye daftari la hesabu: ulionekana kuwa wa bure. Mteja hakuulizwa kama anautaka, muuzaji hakuhesabu ametoa mingapi kwa siku, na mama mwenye nyumba aliyeletewa mahitaji alipokea vifuko sita au saba. Vitunguu kimoja, nyanya kingine, nyama viwili vilivyovalishana. Akavimwaga jikoni, akavitupa.

Kwa Tanzania Bara utaratibu huo ulifikia kikomo kisheria Juni 1, 2019. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangaza katazo hilo bungeni Aprili 9 mwaka huo, na kanuni zilizofuata chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zikazuia kuingiza nchini, kutengeneza, kuuza, kuhifadhi, kusambaza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.

Yameandikwa mengi kuhusu mitaro iliyoziba, mto Msimbazi na ng'ombe waliokula nailoni. Makala haya yanahusu jambo dogo zaidi, lakini linalogusa mfuko mwingine, ule wa fedha. Ni mzigo unaotoka gengeni au kwenye supamaketi ya mtaani kule Tegeta, Boko, Bunju, Mbagala au Chamazi, ukapakiwa kwenye bodaboda na kufika mlangoni kwa mteja. Rambo imeondoka, gharama yake haikuondoka. Kuna mtu anailipa kila siku, na kwa wauzaji wengi wadogo mtu huyo ni muuzaji mwenyewe bila kujua.

Biashara hii ya kupeleka mahitaji nyumbani imekua kimya kimya pembezoni mwa jiji. Watu wamejenga Mbweni, Mabwepande, Toangoma na Chamazi, mbali na masoko makubwa. Anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku hana hamu ya kupita Tandale wala Temeke Stereo. Anatuma ujumbe kwa simu, analipa kwa simu, na bodaboda anamaliza kazi iliyobaki.

Supamaketi kubwa za kigeni tulizozishangilia hazikuifaidi sana hali hii. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014 ikaondoka, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt nayo haikudumu. Jumia, iliyouza bidhaa kwa mtandao, ilifunga shughuli zake hapa nchini Novemba 2019. Waliobaki na mteja wa Boko au Mbagala ni wenye maduka ya kati, wenye magenge na vijana wenye pikipiki. Hawa hawana mtaji wa kumeza hasara ndogo ndogo kwa miaka mitatu wakisubiri soko likue.

Kinachokatazwa na kisichokatazwa

Tuliweke sawa suala la sheria, kwa sababu wengi bado wanachanganya. Kilichopigwa marufuku ni mfuko wa kubebea uliotengenezwa kwa plastiki laini, uwe na mikono au usiwe nayo. Kanuni ziliacha nafasi kwa vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, huduma za afya, ujenzi, kilimo, usindikaji wa chakula na usafi wa mazingira. Kwa hiyo mfuko wa unga uliotoka kiwandani hauna tatizo, wala viriba vya miche, wala mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi. Kreti na ndoo za plastiki ngumu hazimo kabisa kwenye katazo.

Anayekutwa akimiliki au kutumia mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini kuanzia Sh30,000 hadi Sh200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Kwa anayeuza, faini inaanzia Sh100,000 hadi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kwa mwenye genge, faini ya chini kabisa ya kuuza inatosha kuondoa mtaji wa siku kadhaa.

Baada ya katazo ulizuka ujanja. Vile vifuko vyembamba vinavyoonyesha ndani, vilivyokusudiwa kufungia bidhaa kama karanga na ubuyu, vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea nyanya na nyama. Aprili 2021 Serikali ikalazimika kuvikomesha navyo. Ukipita magengeni utaviona bado hapa na pale, chini ya meza.

Halafu kuna mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa, wa bluu, kijani au mwekundu. Wateja wengi wanadhani ni kitambaa kweli. Si kitambaa, ni plastiki aina ya polipropilini iliyogandanishwa kwa nyuzi. Umeruhusiwa kwa sharti la uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, ili uweze kutumika mara nyingi. Ulio mwepesi kuliko hapo hukatika mkono siku ya kwanza kwa kilo tatu za viazi. Mfuko mbadala unaotumika mara moja kisha ukatupwa ni Rambo ya bei ghali.

Hesabu ya mwenye genge

Sasa tuingie kwenye hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake, ila mpangilio wa hesabu ubaki huo huo.

Tuchukulie mwenye genge wa Boko anapokea oda ya Sh20,000. Bidhaa zenyewe zimemgharimu Sh16,000, na nauli ya bodaboda analipa mteja. Faida ghafi ni Sh4,000. Mzigo huo unahitaji mifuko mbadala miwili mikubwa ya Sh500 kila mmoja, na bahasha nne za kaki za Sh50 kila moja kwa ajili ya nyanya, bamia, pilipili na njegere. Jumla Sh1,200. Yaani kati ya kila Sh100 za faida yake ghafi, Sh30 zinakwenda kwenye kitu ambacho mteja atakitundika nyuma ya mlango wa jiko na kukisahau.

Akiwa na oda 10 kwa siku na akafanya kazi siku 26, mifuko na bahasha vinamla Sh312,000 kwa mwezi. Sijui ni wangapi wanaolipa pango la fremu linalofika hapo.

Njia ya pili ni kuacha mzigo ndani ya kikapu au kreti ya muuzaji, kisha kikapu kirudi siku ya oda inayofuata. Hapa anahitaji vikapu vingi, kwa sababu kuna vilivyo kwa wateja, vilivyo njiani na vilivyooshwa vinakauka. Tuseme 30, kwa Sh6,000 kila kimoja, jumla Sh180,000. Vikidumu miezi sita, gharama ni Sh30,000 kwa mwezi. Tukubali pia kwamba sita vitapotea kila mwezi, maana binadamu ni binadamu: Sh36,000. Sabuni, maji na muda wa kuosha, Sh20,000. Bahasha za kaki bado zipo, Sh52,000. Jumla Sh138,000. Ameokoa Sh174,000 kila mwezi.

Njia ya tatu ni kupakua mlangoni. Bodaboda anafika na kreti, mteja anatoka na beseni au kikapu chake, vitu vinahamishwa, kreti inarudi papo hapo. Vikapu 12 vinatosha, navyo kwa miezi sita ni Sh12,000 kwa mwezi, na havipotei. Sabuni Sh20,000 na bahasha Sh52,000 ziko pale pale. Lakini kijana wa bodaboda hatasimama getini bure, kwake dakika tano ni abiria aliyempita. Akiomba Sh300 kwa kila safari, kwa safari 260 ni Sh78,000. Jumla Sh162,000.

Msomaji ataona jambo la ajabu kidogo. Kupakua mlangoni, kunakoonekana kuwa ndiko kwa usafi na kwa uhakika zaidi, kunagharimu zaidi ya kumwachia mteja kikapu. Kinachokula ile nafuu ni muda wa kusubiri. Ndiyo maana siwashauri wauzaji wachague njia moja kwa wateja wote. Mteja wa kila wiki, unayemjua nyumba na unayejua ataagiza tena Ijumaa, mwachie kikapu. Mteja mpya, au yule anayeagiza mara moja kwa miezi miwili, pakua mlangoni. Ukifanya hivyo, vile vikapu sita vinavyopotea kila mwezi vinaweza kubaki viwili au kimoja.

Bila shaka wapo watakaosema wamtoze mteja mfuko na yaishe. Inawezekana, na maduka makubwa yanafanya hivyo. Ila mwenye genge anashindana na genge lililo hatua ishirini kutoka kwake, na mteja wa Sh20,000 akiona Sh1,000 ya mfuko juu ya nauli ya bodaboda, atahama. Hapo ndipo wauzaji wengi wanaponyamaza na kuibeba gharama wenyewe.

Kreti ya soda imetufundisha tayari

Mtu akisikia habari ya chombo kinachorudi huona ni jambo la Ulaya. Hakuna Mtanzania aliyewahi kumiliki kioski asiyeujua mtindo huu. Kreti ya soda ya chupa 24 ina thamani yake mbali na soda iliyomo. Huna chupa tupu, unaweka fedha ya chupa. Mtoto akitumwa dukani anajua abebe chupa tupu, na akiivunja njiani anajua nyumbani kuna kesi. Trei ya mayai 30 nayo huzunguka vivyo hivyo kati ya mfugaji na muuzaji.

Amana ya kikapu inaweza kufuata mkondo huo. Mteja analipia kikapu mara moja, kwa bei ya kununulia, na kuanzia hapo anabadilishana: kilichojaa kinaingia, kitupu kinatoka. Nashauri amana isirudishwe kwa simu kila mara, kwa sababu makato ya kutuma fedha ndogo yataila. Iandikwe kwenye daftari na ikatwe kwenye oda ya mwisho mteja anapohama au kuacha.

Kwa wenzetu Uingereza, maduka makubwa ya England yalianza kutoza peni 5 kwa kila mfuko wa plastiki wa kutumika mara moja Oktoba 2015, na Mei 2021 kiwango kikapandishwa hadi peni 10. Mizigo ya nyumbani ikaanza kupelekwa bila mifuko. Dereva anafika na makreti, mteja anatoa vitu kimoja kimoja. Tesco ilitangaza mwaka 2019 kuacha mifuko ya plastiki katika mizigo hiyo. Lakini ugonjwa wa corona ulipoingia mwaka 2020 na oda kufurika, serikali yao ilisimamisha kwa miezi kadhaa tozo ya mfuko kwa mizigo ya nyumbani, ili madereva wasichelewe milangoni na wasikaribiane na wateja. Nchi yenye maghala na magari ya baridi iligota pale pale anapogota kijana wa bodaboda wa Chamazi, kwenye dakika za mlangoni.

Kupanga kunarahisisha kupakua

Dakika tano za mlangoni zinaweza kuwa mbili. Siri iko kwenye kupanga. Wauzaji wengi hupanga mzigo kwa namna ya kuufanya uingie, wachache hufikiria utatokaje.

Vizito na vigumu vikae chini: viazi, nazi, kabichi, boga, karoti, vitunguu, pakiti za unga na sukari. Hivi vyote havihitaji mfuko wowote, na ni sehemu kubwa ya oda ya kawaida. Muuzaji anayetia vitunguu kilo moja ndani ya mfuko wake peke yake anatumia mfuko kwa mazoea tu. Katikati ziwekwe ndizi, matango na bilinganya. Nyanya, mayai na mboga za majani zikae juu kabisa. Kreti ipimwe kwanza na boksi la pikipiki ili ikae imara, kwa sababu barabara zetu za ndani, hasa wakati wa masika, huzigeuza nyanya kuwa rojo kabla hazijamfikia mteja.

Orodha ya vitu iandikwe kwa kufuata mpangilio huo, kuanzia cha juu kwenda cha chini. Mteja anasoma, bodaboda anatoa, wanamaliza pamoja. Ubishi wa "mbona pilipili hoho sizioni" unaishia getini badala ya kuja kwa simu saa nne usiku.

Kuna vitu vinne vinavyosumbua kweli, na hapa ndipo wengi hurudia nailoni kwa siri.

Cha kwanza ni nyama. Gazeti halifai, wino wake unashika kwenye nyama mbichi. Bahasha ya kaki huloa na kupasuka. Dawa yake ni bakuli gumu lenye mfuniko, kwa mtindo wa bakuli kwa bakuli: lililojaa linaingia ndani, tupu lililooshwa linatoka. Anayeuza nyama awe na mabakuli yake yenye alama, asiyachanganye na ya mboga.

Cha pili ni samaki na kuku wa barafu. Vinatoa maji. Kindoo chenye mfuniko na kipande cha barafu kinatosha kwa safari ya kutoka Tegeta hadi Bunju. Kisichanganywe na kitu kingine ndani ya kreti.

Cha tatu ni vitu vidogo vinavyotawanyika kama bamia, njegere, pilipili na dagaa. Kwa hivi bahasha ya kaki inafaa sana, na sioni sababu ya kuikwepa. Karatasi ya kaki hutengenezwa hapa hapa nchini kwenye kiwanda cha Mgololo, Mufindi. Ila mteja aombwe kuzirudisha zikiwa kavu. Bahasha iliyobeba njegere inaweza kubeba njegere tena mara tatu.

Cha nne ni mboga za majani, na hapa kuna dhana potofu. Wengi wanaamini mchicha unahitaji nailoni usinyauke. Ni kweli nailoni inazuia maji ya majani yasipotee, lakini kwa joto la Dar es Salaam mchicha uliofungwa ndani yake hutoa jasho, hupata joto na huanza kuoza. Jani la mgomba au kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa hufanya kazi vizuri zaidi. Maji yanapokauka kutoka kwenye kitambaa huondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji. Na ndizi mbivu zisikae kreti moja na mboga za majani, kwa kuwa ndizi inapoiva hutoa gesi inayofanya majani yawe ya njano upesi.

Kikapu chenyewe

Wapo waliofurahi mwaka 2019 wakidhani wasusi wa Bagamoyo, Rufiji na Pemba wangepata soko lisilokwisha. Soko liliongezeka, lakini sehemu kubwa ilichukuliwa na mfuko mbadala wa kiwandani. Sababu ni ya kiuchumi. Kikapu cha ukindu au miyaa kinachukua muda wa mtu: kukata, kuanika, kuchana, kusuka ukili, kisha kushona. Hakiwezi kushindana kwa bei na mfuko unaotolewa mara moja. Kinaweza kushindana pale tu kinapohesabiwa kwa safari. Kikapu cha Sh6,000 kikienda safari 50, kila safari ni Sh120. Mfuko wa Sh500 ukienda safari moja, ni Sh500.

Kwa mwenye genge ningesema hivi. Kikapu cha ukindu kinapendeza, kinapitisha hewa na mteja anakipenda, kwa hiyo kinafaa kwa matunda, mboga na vitu vikavu. Adui yake ni unyevu; kikiloa na kuachwa kwenye kona kinaota ukungu, hivyo kianikwe kivulini penye upepo. Kikapu cha mikanda ya plastiki ngumu, kile cha rangi rangi, kinaoshwa kwa sabuni na kukauka upesi, kwa hiyo kinafaa kwa kazi chafu. Vile vikapu vya milulu vya Iringa viachieni kazi ya zawadi na watalii. Ni vizuri mno kubebea viazi, na bei yake inajua hivyo.

Pakacha la makuti ndilo linalosahaulika. Kilwa Road yote, kuanzia Mkuranga hadi Mbagala, imezungukwa na minazi. Pakacha ni rahisi, linasukwa kwa muda mfupi, na likichakaa linakuwa kuni au mbolea. Kwa mteja wa mara moja ambaye huna hakika utamwona tena, na ambaye hana muda wa kupakua mlangoni, pakacha la nanasi na machungwa ni jibu zuri kuliko mfuko mbadala.

Mkulima anaingia wapi

Mkulima anayesoma ukurasa huu anaweza kuona haya ni mambo ya wauzaji wa mjini. Sivyo. Mzigo usio na mfuko unataka kila zao liweze kujitegemea, na kazi hiyo huanzia shambani.

Chukua mkulima wa mchicha kwenye bonde la mto Mpiji au Mzinga. Mchicha hukomaa kwa wiki tatu hadi nne, hivyo anavuna mara kwa mara na kuuza kwa tuta. Mnunuzi anang'oa, anafunga mafungu mwenyewe na kuchukua faida ya kufunga. Muuzaji wa mizigo ya nyumbani anahitaji fungu lililo tayari: ukubwa unaolingana, mizizi imeachwa ili lisinyauke haraka, limefungwa kwa ukili au kamba ya mgomba badala ya mpira au nailoni. Fungu hilo halihitaji mfuko. Linawekwa juu ya kreti jinsi lilivyo na linatolewa jinsi lilivyo. Mkulima anayeweza kuleta mafungu 60 ya namna hiyo saa kumi na mbili asubuhi kila siku ana haki ya kudai bei zaidi ya yule anayeuza tuta, kwa sababu anamwondolea muuzaji kazi na gharama.

Kwenye nyanya faida ni kubwa zaidi, ingawa njia yake ni ngumu. Nyanya za Ilula na mboga za Mgeta na Lushoto zinafika Dar es Salaam kwenye matenga, makasha ya mbao na magunia. Kila mkulima anajua maumivu ya lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezewa kichwa juu, linashonewa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na lumbesa miaka nenda rudi. Kreti ngumu haina kichwa cha kuongeza. Ukizidisha, ya juu haikai. Kwa hiyo kreti inayozunguka kati ya mkulima, muuzaji na mlango wa mteja ni chombo cha kubebea na ni kipimo kwa wakati mmoja. Nyanya zinapimwa mara moja shambani, hazimwagwi sokoni, hazihamishwi mara tatu, na zinafika na ngozi yake.

Ugumu uko kwenye kurudi kwa kreti tupu. Lori lililoshusha nyanya Dar es Salaam linarudi Iringa likiwa limebeba saruji, mabati au sabuni, na mwenye lori hatoi nafasi ya bure kwa makreti yaliyojaa hewa. Tenga kwa kawaida huishia mjini, ndiyo maana bei yake hujumlishwa kwenye nyanya. Kreti zinazoingiliana zikiwa tupu hupunguza tatizo hilo, lakini bei yake ni ya juu na mkulima mmoja mmoja hawezi kuzinunua za kutosha. Hapo panahitaji chama cha ushirika au kikundi chenye mkataba na muuzaji, na mkataba utaje wazi nani analipia kreti inayopotea.

Kwa hiyo ningeanza na karibu. Mkulima wa Mpiji analeta mboga Boko na Tegeta kwa baiskeli, na wa Mzinga anazifikisha Mbagala kwa guta. Vyombo hivyo vinarudi mabondeni asubuhi hiyo hiyo, mara nyingi vikiwa vitupu. Kreti tano za kwenda na tano za kurudi hazihitaji nauli ya ziada, na hesabu yake mkulima na muuzaji wanaweza kuifanya wakiwa wamesimama, kabla jua halijawa kali.